Midoli ya Anga Mpakani: Historia Fupi ya Rafu Yetu ya Busia na Tororo



Mwezi huu zamu ya historia imetufikia sisi wa Tororo na Busia. Wenzetu wameshaandika juu ya safari, vitambulisho na shule. Sisi tunaandika juu ya vitu ambavyo watu wengi wakiviona wanacheka: roboti wa plastiki, barakoa za Spider-Man, fulana zenye picha za roketi, kadi za Pokémon, mabegi ya Ben 10. Ni vitu vya filamu na gemu za kisayansi za kubuni, yaani zile za anga za juu, mashine zinazofikiri na watu wenye nguvu za ajabu. Tunavikusanya. Tumevipanga kwenye rafu ya mbao za makreti ya nyanya, kila kimoja na kikaratasi chake. Na karibu kila mgeni akiingia anauliza swali lile lile: "Sasa nyinyi wakimbizi, hii midoli ni ya nini?"

Swali hilo tumeamua kulijibu kwa historia, tukiacha hasira pembeni. Tuanze.

Mpaka na mizigo yake

Huwezi kuelewa rafu yetu bila kuelewa mahali ilipo. Mstari huu wa Kenya na Uganda uliwekwa na Waingereza. Mwaka 1902 walichukua Mkoa wa Mashariki wa Uganda ya wakati ule, wakauhamishia upande uliokuja kuitwa Kenya. Mwaka 1926 mpaka ukaandikwa rasmi kwenye sheria. Wateso na Wasamia wakajikuta pande zote mbili, shangazi huku, mjomba kule. Mji wa Busia nao uko hivyo hivyo: Busia ya Kenya na Busia ya Uganda. Upande wa Uganda, Busia ilikuwa sehemu ya wilaya ya Tororo mpaka 1997 ilipopewa wilaya yake.

Hapa pia ndipo lilipozaliwa neno ambalo sasa linatumika Afrika Mashariki nzima. Kati ya kituo cha forodha cha Kenya na kile cha Uganda palikuwa na kipande kirefu cha kutembea, na mtu mwenye mzigo alichoka. Vijana wenye baiskeli wakaanza kuwavusha watu kutoka boda hadi boda. Ndiyo boda boda. Kwa hiyo tangu zamani, kazi ya vijana wa mji huu ni kubeba mizigo ya watu wanaopita.

Na watu wamepita kweli. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Wengi walipanda ndege Entebbe, lakini wengine walipita hapa kwa treni, Tororo halafu Malaba, kuelekea Mombasa. Waliruhusiwa kutoka na fedha kidogo sana, na njiani wapo walionyang'anywa hata hicho kidogo. Miaka hiyo hiyo Waganda wengi walivuka kukimbilia Kenya. Kisha mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mambo yakageuka: Wakenya ndio waliovuka kuja Uganda, kwa maelfu. Wengi walikaa Mulanda, hapa hapa wilaya ya Tororo, kabla ya kuhamishiwa Kiryandongo. Mwenyeji wa jana ndiye mgeni wa leo. Mpaka huu umetufundisha hilo mapema.

Sasa jiulize: watu wote hao walibeba nini? Vitabu vya historia vinataja fedha, hati na nguo. Mtoto alibeba nini mfukoni, havisemi. Sisi tunaanzia hapo.

Mwaka 1977, pande mbili za dunia

Mei 1977 filamu ya Star Wars ilianza kuonyeshwa Marekani. Kampuni moja ya Cincinnati, Kenner, ilikuwa na haki ya kutengeneza midoli yake. Tatizo ni kwamba filamu ilipendwa kuliko walivyotegemea, na Krismasi ikafika midoli haijawa tayari. Wakafanyaje? Wakauza boksi lisilo na mdoli. Ndani yake mlikuwa na cheti. Mtoto anakijaza, anakituma kwa posta, na mwaka 1978 analetewa wanasesere wanne: Luke, Leia, Chewbacca na R2-D2. Walikuwa wadogo, karibu sentimita 9.5, ili waweze kuingia ndani ya vyombo vyao vya anga. Ule udogo ukawa kipimo ambacho viwanda vingine vingi vilikifuata baadaye.

Tunapenda sana kisa hiki. Watoto walipewa karatasi wakaambiwa wasubiri. Jamani, nani anajua kusubiri na karatasi mkononi kuliko sisi?

Mwaka huo huo huku kwetu hali ilikuwa nyingine. Mwaka 1976 Amin alidai sehemu ya ardhi ya Kenya. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ikavunjika. Sukari, chumvi na sabuni zilikuwa adimu Uganda, na bei ya kahawa duniani ilikuwa imepanda sana baada ya baridi kali kuharibu mashamba ya Brazil mwaka 1975. Ndipo magendo yakashamiri: kahawa inavuka usiku kwenda Kenya, sabuni na chumvi zinarudi. Mtoto wa Tororo mwaka 1977 hakuwa na habari ya Star Wars. Gari lake alilitengeneza mwenyewe kwa waya na vifuniko vya soda, na mpira wake ulikuwa wa majani ya migomba. Tunalisema hili ili mtu asidhani kwamba hamu ya kutengeneza dunia ndogo mkononi ilikuja na kontena. Ilikuwepo. Kilichokuja na kontena ni plastiki.

Sauti ya kwetu ndani ya chombo cha anga

Kuna jambo wageni wetu hawalitegemei. Hizi hadithi za anga, ukizichunguza, zina alama zetu ndani yake.

Mwaka 1966 kipindi cha Star Trek kilipoanza Marekani, afisa wa mawasiliano wa chombo kile alikuwa mwanamke mweusi aliyechezwa na Nichelle Nichols. Jina lake ni Uhura, na limetokana na neno letu la Kiswahili, uhuru. Nchi zetu zilikuwa zimepata bendera zao miaka michache tu kabla.

Halafu mwaka 1983, katika Return of the Jedi, yupo rubani msaidizi mwenye macho makubwa na mashavu yaliyoning'inia, anaitwa Nien Nunb. Walihitaji lugha ya sayari nyingine. Sauti ikatolewa na Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa mwanafunzi Marekani, naye akazungumza kwa lugha za nyumbani, Kikuyu kikiwemo. Watu wa Hollywood waliona hiyo ni lugha ya anga. Mkenya akiisikia anajua ni lugha ya shangazi yake. Jina la Rotich halikuwekwa kwenye orodha ya waigizaji mwishoni mwa filamu ile. Mwaka 2015 filamu mpya ilipotoka, alirudi kutoa sauti ile ile.

Kenner walimtengeneza Nien Nunb kuwa mdoli mwaka huo huo wa 1983, na tena akapatikana kwanza kwa kutuma maombi kwa posta. Sisi hatunaye. Kila bunda la midoli likifunguliwa sokoni, sisi tupo pale, tunamtafuta yeye.

Kisa cha Rotich ndicho kilichotufundisha kuandika vikaratasi. Kwenye rafu yetu kila kitu kina jina la filamu au gemu yake, mahali kilipopatikana, na jina la aliyekileta. Maana mdoli anaweza kuzunguka dunia nzima, na aliyempa sauti asijulikane na mtu.

Midoli inafikaje hapa

Mitumba ndiyo njia kubwa. Neno lenyewe, mtumba, maana yake ni bunda. Waganda wanasema mivumba. Biashara hii ilipanuka sana baada ya serikali zetu kulegeza masharti ya kuingiza bidhaa, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mtoto wa Uingereza au Marekani anakua, mama yake anasafisha chumba, vitu vinapelekwa kwa shirika la hisani. Visivyouzika kule vinauzwa kwa wachambuzi, vinafungwa mabunda, vinapandishwa meli hadi Mombasa, kisha lori hadi Busia au Malaba. Mfanyabiashara analinunua bunda limefungwa, haoni ndani. Ni kamari. Likifunguliwa unakuta dubu wa manyoya, magari yasiyo na magurudumu, na humo katikati, kama una bahati, roboti mmoja ambaye mkono wake bado upo.

Mama anayeuza anapanga bei kwa ukubwa. Mkubwa bei juu, mdogo bei chini. Hapo ndipo mkusanyaji anapopata nafasi, kwa sababu vile vidogo mara nyingi ndivyo vyenye historia ndefu. Lakini heshima iwepo. Mama yule ana watoto wa kulisha. Sisi tunamwambia wazi: "Mama, huyu mdogo ni wa zamani, anaweza kuwa na thamani." Mara nyingine anacheka, mara nyingine anaongeza bei. Ni haki yake.

Agosti 2023, akiwa Mbale, mji jirani yetu, Rais Museveni alitangaza kupiga marufuku nguo za mitumba, akasema ni nguo za wazungu waliokufa. Hoja ya kulinda viwanda vya ndani tunaielewa, ina uzito wake. Ila kwa upande wa midoli tunasema hivi: si ya waliokufa, ni ya waliokua. Kuna mtu mahali fulani, sasa ana ndevu, aliyewahi kulala akimkumbatia huyu.

Njia ya pili ni bidhaa mpya za bei nafuu kutoka China: barakoa, mabegi, saa za Ben 10 zisizoonyesha saa. Nyingi ni feki, bila ruhusa ya wenye hadithi, na hilo ni kosa kisheria pande zote mbili za mpaka. Tunazo chache, na kikaratasi kinasema wazi: "Si halisi." Hatuzitupi, kwa kuwa nazo ni ushahidi. Begi feki la Ben 10 linakuambia mtoto wa hapa alimjua nani, mwaka gani, na mzazi aliweza kulipa kiasi gani.

Vibanda, sauti na chuma chakavu

Midoli bila hadithi ni plastiki tu. Hadithi tulizipata kwenye vibanda vya video. Upande wa Uganda, maVJ kama VJ Jingo walikuwa wakitafsiri filamu papo hapo kwa Kiluganda. Upande wa Kenya, DJ Afro akasimulia kwa Kiswahili chenye Sheng ndani. Kwetu mpakani unasikia zote mbili, na roboti wa Terminator unamfahamu kwa sauti mbili kabla hujawahi kumsikia kwa Kiingereza chake. Wengi wetu tuliotoka Kongo, Burundi na Sudan Kusini tulijifunza lugha za hapa ndani ya kibanda. Mwalimu wetu alikuwa roboti muuaji anayeongea Kiluganda.

Wapo pia walioamua kutengeneza badala ya kusubiri. Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana na wenzake walitoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, wakitumia bunduki za bandia zilizoungwa kwa chuma chakavu. Mwaka 2015 waliomba msaada mtandaoni wa dola 160 tu ili watengeneze filamu nyingine, wakachangiwa zaidi ya dola 13,000 na mashabiki wa nje. Na Kenya, Wanuri Kahiu alitoa filamu fupi Pumzi mwaka 2009. Ni dunia baada ya vita vya maji, na shujaa wake, Asha, kazi yake ni kutunza makumbusho. Siku moja analetewa udongo wenye uhai, naye anavunja sheria za mji wao ili akapande mbegu. Fikiria: shujaa wa filamu ya kisayansi ni mtunza makumbusho! Pumzi haina midoli ya kuuzwa. Asha wa kwenye rafu yetu tumemtengeneza wenyewe, kwa waya na kitambaa cha mfuko wa unga.

Februari 2018

Mwezi huu tunaukumbuka kwa mambo mawili. Tarehe 13 filamu ya Black Panther ilizinduliwa Kisumu, mji wa kwao Lupita Nyong'o, safari ya saa chache tu kutoka Busia. Tarehe 24 marais Kenyatta na Museveni walikuja Busia kufungua kituo cha pamoja cha mpakani, ambapo msafiri anahudumiwa na nchi zote mbili mahali pamoja badala ya kusimama mara mbili.

Yaweke pamoja haya mawili. Wakanda ni nchi tajiri ya Kiafrika iliyojificha nyuma ya mpaka usioonekana. Ndani ya filamu, W'Kabi anampinga mfalme: ukiwapokea wakimbizi, watakuja na matatizo yao. Sisi tuliisikia sentensi ile tukaangaliana. Tumewahi kuisikia kwa lugha nyingi, na wasemaji hawakuwa waigizaji. Tulibishana usiku kucha kama Wakanda ni nchi ya ndoto zetu au ni nchi ambayo ingetufungia mlango. Ndugu zetu Wakongo walisema: madini yao yanafanana na ya kwetu, tofauti ni kwamba wao walifunga mlango kwanza.

Mdoli wa T'Challa tunaye. Tumemweka pembeni ya Superman, aliyeanza kuchapishwa mwaka 1938, kazi ya vijana wawili waliotoka familia za Wayahudi wahamiaji, Jerry Siegel na Joe Shuster. Superman naye ni mtoto aliyetolewa kwenye nchi inayoangamia, akapokelewa na wakulima wasiojua ametoka wapi. Tumewaweka watazamane.

Namna ya kusoma na kutunza

Kwa anayetaka kuanza, tunatoa tuliyojifunza.

Mgeuze mdoli. Chini ya unyayo, mgongoni au nyuma ya mguu kuna maandishi madogo: kampuni, mwaka, nchi. Lakini angalia, mwaka huo kwa kawaida ni wa haki miliki, si lazima uwe mwaka aliotengenezwa. Mdoli anaweza kuandikwa 1977 na akawa ametoka kiwandani baadaye. Nchi nayo inasema mengi: wa zamani wengi wameandikwa Hong Kong au Taiwan, wa karibuni China. Hiyo peke yake ni somo la jinsi viwanda vilivyohama.

Osha kwa maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na mswaki laini. Toa betri kabla hazijavuja. Usiweke kwenye jua, maana plastiki nyeupe inageuka njano na stika zinabanduka. Usiweke karibu na bati, kwa kuwa joto linaifanya plastiki laini itoe mafuta na kunata. Usibandike mkono usio wake bila kuandika. Na andika kikaratasi siku ile ile, kwa sababu ukichelewa utasahau.

Tunarudi kwa swali

Wafanyakazi wa misaada, ndugu zetu, tunajua hamuulizi kwa ubaya. Mnaulizwa na wakubwa wenu nani ana shida zaidi ya nani, na mtu mwenye rafu ya midoli haonekani kuwa na shida. Tunaomba muone hivi: mkimbizi akipokelewa anapewa sufuria, blanketi, jerikeni na sabuni. Tunashukuru, vimetuokoa. Lakini kila mtu anapewa vile vile. Mdoli ni kitu ambacho mtu alikichagua mwenyewe, akakilipia kwa jasho lake, akajua kwa nini. Baada ya miaka ya kupangiwa, kuchagua si jambo dogo.

Na hatusemi midoli ni muhimu kuliko chakula. Mwaka 2025 tulipimwa kwa hilo. Januari Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na mmoja wetu aliyekuwa amebakiza hatua za mwisho akabaki hapa. Mei, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani liliwaondoa watu milioni moja hivi kwenye mgao hapa Uganda kwa kukosa fedha. Ndugu zetu walioko kwenye makazi wakaanza kutupigia simu usiku. Tulikaa kikao. Wengine walisema tuuze vyote. Wengine wakasema hata tukiuza vyote, ni unga wa wiki moja, na baada ya hapo hatuna unga wala rafu. Mwisho tuliuza vile tulivyokuwa navyo viwili viwili, na vilivyokuwa bado kwenye boksi, kwa sababu hivyo ndivyo vyenye bei. Fedha zikaenda kwa familia tatu. Vyenye jina la mtu kwenye kikaratasi tulivibakiza.

Yule mwenzetu aliyekwama alikuwa ametuachia roboti wake, kwa vile alidhani anasafiri. Tulimwambia amchukue. Akasema hapana, abaki, ila tubadilishe maandishi. Kikaratasi kilisema "Aliondoka 2025." Sasa kinasema "Yupo."

Hii ndiyo historia tunayoweza kuitunza kwa uwezo wetu. Kila mmoja wenu ana kitu kidogo alichovuka nacho, au alichokiacha. Kiandikieni: kilitoka wapi, kilikuwa cha nani, kilipita boda gani. Na kama kuna mtu Busia, Malaba au Tororo ameona sokoni mdoli mwenye macho makubwa na mashavu yaliyoning'inia, tafadhali asimuache. Lugha yake tunaijua.

Sisi vijana wenu wa mpakani.